Mtumishi Aonewapo Kazini: Sheria Yasema Nini?

Katika somo la leo twataka kueleza jambo ambalo watu wengi wamelijua kwa maumivu, lakini hawajalijua kwa sheria. Mtu aliyeajiriwa, akitukanwa kila siku, akipigwa, akitishwa, akikatwa ujira wake pasipo haki, au akitakwa mambo ya aibu na mkubwa wake wa kazi, je, sheria ya nchi imempa nini mkononi? Wako wasemao, "Kazi ni ya tajiri, na atakalo tajiri ndilo litakalokuwa." Na wako wengine wasemao kwamba mnyapara akipaza sauti mara moja tu, mtu ana haki ya kuacha kazi papo hapo na kudai fidia. Hao wa kwanza wamekosa, na hao wa pili wamekosa vile vile. Na kosa la hawa wa pili ndilo linalowaponza watu zaidi, maana huondoka kazini kwa hasira wakidhani wameshinda shauri, kumbe wameliacha mlangoni.

Sheria tutakayoieleza hasa ni ya Tanzania Bara, iitwayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake zilizotangazwa mwaka 2007. Sheria hiyo imerekebishwa mara kadhaa tangu ilipotungwa, na katika chapa mbalimbali hesabu za vifungu zaweza kubadilika. Kwa hiyo hatutataja hesabu hizo, ila maana yake tu. Mwenye haja ya kifungu chenyewe na aulize ofisi ya kazi ya mkoa wake.

Yafaa kwanza tutazame nyuma kidogo, ili tujue tulikotoka. Zamani za utawala wa Wadachi, kiboko kilikuwa ni jambo la sheria. Amri ya mwaka 1896 iliweka viboko 25 kuwa mwisho wa kumpiga mtu kwa mara moja, ndipo wazee wetu wakapata lile neno la "hamsa-ishirini" ambalo mpaka leo halijasahauliwa. Walipokuja Waingereza, ilitungwa sheria ya mabwana na watumishi wenyeji ya mwaka 1923, na kwa sheria hiyo mtumishi aliyetoroka kazini aliweza kushtakiwa kama mkosaji, akatozwa faini au akafungwa. Fikiri jambo hili: mkataba wa kazi ni mapatano ya watu wawili, kama mapatano ya kuuza ng'ombe, lakini mtumishi aliyeuvunja aliweza kuingia gerezani. Upande wa Kenya kulikuwa na kipande, ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukichukua popote aendapo, na mwajiri asipokitia sahihi ya kumwachilia, yule mtu hakuweza kupata kazi kwingine kwa halali. Mambo ya kipande yaliondolewa mwaka 1947. Kabla yake, mwaka 1939, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limekwisha kutunga mkataba wa kuondoa adhabu za namna hiyo kwa watumishi wavunjao mapatano ya kazi.

Tanganyika ilipata sheria nyingine ya ajira mwaka 1955, na baada ya Uhuru, mwaka 1964, ikatungwa sheria ya kulinda ajira ambayo ilimzuia tajiri kumfukuza mtu kwa neno la kinywa tu. Hii ya 2004 ndiyo iliyochukua mahali pa hizo mbili. Tumeyaeleza haya kwa sababu wako wazee ambao bado huwaambia vijana, "Usilalamike, utafungwa." Neno hilo lilikuwa na maana katika zamani zake. Leo halina.

Sasa, uonevu ni nini? Si kila neno kali ni uonevu. Mkubwa wa kazi ana haki ya kuagiza, kukagua, kukosoa, na kumpa mtu onyo kwa maandishi. Mtu achelewaye kila Jumatatu, akiambiwa na msimamizi wake kwamba akichelewa tena ataitwa kujieleza, hajaonewa. Wala hajaonewa aitwaye mbele ya kikao cha nidhamu, ikiwa ameelezwa kosa lake kwa maneno ayaelewayo, amepewa nafasi ya kujitayarisha isiyopungua saa 48, na ameruhusiwa kuja na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama cha wafanyakazi wa kumsaidia kusema. Hayo yote yamo katika kanuni za 2007, nayo huitwa utaratibu, hata yakiuma.

Uonevu ni namna nyingine. Ni kumwita mtu mnyama mbele ya wenziwe. Ni kumpa kazi ya watu watatu kwa makusudi ashindwe, kisha kumcheka. Ni kumnyima kazi kabisa, akae juani tangu asubuhi mpaka jioni, ili achoke na kuondoka mwenyewe. Ni kutangaza ugonjwa wake kwa watu. Ni kumtisha kwamba ujira wake wa mwezi hautatoka mpaka "ajue adabu." Na siku hizi ni pia maneno machafu yatumwayo kwa simu usiku, au katika kundi la wafanyakazi wote, kila mtu akasoma. Mara moja yaweza kuwa hasira ya mtu. Yakirudiwa yamekuwa ni mpango.

Sheria ya 2004 hushika uonevu huu kwa njia mbili au tatu, si kwa njia moja. Ya kwanza ni katazo la ubaguzi. Mwajiri hana ruhusa kumbagua mfanyakazi kwa ajili ya rangi yake, taifa lake, kabila au mahali alikotoka, dini, siasa, jinsia, mimba, ndoa au jukumu la jamaa zake, ulemavu, virusi vya UKIMWI, umri, au hali yake ya maisha. Na sheria imesema wazi kwamba kumbughudhi mtu kwa ajili ya mojawapo ya mambo hayo ni ubaguzi vile vile, nao umekatazwa. Basi mwanamke atukanwaye kwa sababu ya mimba yake, au kijana achekwaye kila siku kwa kabila lake, ana mahali pa kushika. Akileta ushahidi wa kwanza wenye kuonyesha kwamba amebaguliwa, mzigo wa kujitetea huhamia kwa mwajiri.

Hapa hatuna budi kusema kweli. Katazo hili limefungwa na zile sababu zilizotajwa. Ikiwa msimamizi huwatukana watu wote sawasawa, Wahaya kwa Wagogo, wake kwa waume, hawezi kuambiwa amebagua. Kwa maoni yangu hili ni pengo katika sheria. Lakini si kwamba mtu wa namna hiyo ameachwa bila ulinzi, ila ulinzi wake hutoka mlango mwingine, nao tutaueleza hivi karibuni.

Kupiga ni jambo jingine kabisa. Hakuna katika sheria za leo neno lolote linalompa tajiri, meneja, mnyapara au mke wa tajiri ruhusa ya kumpiga mtu mzima kibao, sembuse fimbo. Kumpiga mtu ni kosa la jinai, liwe limefanyika njiani, sokoni, au kiwandani, nalo hupelekwa polisi kama kosa lolote. Hali kadhalika kumfungia mtu ndani asitoke. Aliyepigwa na apate karatasi ya polisi ya matibabu kabla ya kwenda kwa mganga wa hospitali, maana bila karatasi hiyo majeraha hupona na ushahidi hupona nayo. Wengi hudhani kwamba wakienda polisi hawawezi tena kudai haki zao za kazi, au kinyume chake. Sivyo. Ni mashauri mawili, kila moja na njia yake.

Kuhusu mambo ya aibu, yaani mkubwa kumtaka mfanyakazi kimwili kwa kumwahidi cheo au kumtishia kazi, kumshika pasipo ridhaa yake, au kumwambia maneno ya uchafu, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliyaingiza katika Kanuni ya Adhabu kuwa ni kosa la jinai. Na katika mambo ya kazi, kanuni za 2007 zimekwenda mbele zaidi: hazikumtaja mwajiri afanyaye hivyo tu, bali pia mwajiri ashindwaye kumlinda mfanyakazi wake. Kwa hiyo tajiri aliyeambiwa kwamba msimamizi wake huwasumbua wasichana wachumao chai, naye akanyamaza kwa kuwa msimamizi yule ni hodari wa kazi, ameingia hatiani kwa kunyamaza kwake.

Tena liko jambo la kukata ujira. Mashambani huu ndio uonevu wa kila siku, tena ndio uliozoeleka mno hata watu hawauiti uonevu. Panga likivunjika, mtu hukatwa. Kikapu kikipotea, watu wote wa zamu hukatwa. Sheria yasema mwajiri hawezi kukata ujira ila kwa jambo lililoruhusiwa na sheria au mapatano, au mfanyakazi mwenyewe awe amekubali kwa maandishi. Na ikiwa ni kwa ajili ya kitu kilichoharibika au kupotea, ni lazima iwe kimeharibika kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo, awe amepewa nafasi ya kueleza kwa nini asikatwe, na jumla isizidi hasara yenyewe. Wala makato ya namna hiyo hayawezi kupita robo ya ujira wake wa fedha. Kumkata mtu asiye na kosa kwa kuwa alikuwa zamu moja na mwenye kosa ni kinyume cha sheria.

Sasa twafika katika lile jambo tulilosema ndilo linaloponza watu. Mtu ameonewa muda mrefu, mwisho amechoka, ameacha kazi. Je, ameacha yeye, au amefukuzwa? Sheria ya 2004 yajibu kwamba mfanyakazi akijiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, huko nako ni kuachishwa kazi na mwajiri. Yaani ingawa barua ya kuacha imeandikwa kwa mkono wa mfanyakazi, sheria huisoma kana kwamba imeandikwa na tajiri. Huu ndio ule mlango mwingine, na kwa mlango huu hata yule atukanwaye bila sababu ya kabila wala dini aweza kupita.

Lakini mlango huu una kizingiti. Kanuni za 2007 zataja mambo mawili yawezayo kutosha. La kwanza ni bughudha ya kimwili tuliyoieleza, au kushindwa kumlinda mtu nayo. La pili ni mfanyakazi kutendewa pasipo haki, ila kwa sharti kwamba ametumia kwanza njia zilizopo za kuleta malalamiko, isipokuwa kama ana sababu njema ya kutozitumia. Hebu sharti hilo lisomwe mara mbili. Tajiri anaweza kuwa mwovu kweli kweli, na matusi yake yakasikiwa na kijiji kizima, lakini mfanyakazi aliyeondoka bila kulalamika popote ataulizwa na mwamuzi, "Ulimwambia nani? Lini? Alijibu nini?" Asipokuwa na jibu, shauri lake ni dhaifu.

Na zaidi ya hayo, katika kufukuzwa kwa kawaida, mwajiri ndiye apaswaye kuonyesha kwamba alikuwa na sababu ya haki na alifuata utaratibu. Katika kujiuzulu kwa kulazimishwa, mambo hugeuka mwanzoni: ni mfanyakazi apaswaye kuonyesha kwamba kweli alilazimishwa. Mahakama hutazama kama hali ile ilikuwa haivumiliki kwa mtu mwenye akili zake, si kwa mwenye hasira nyepesi. Kama mwajiri ndiye aliyeisababisha. Na kama hapakuwa na njia nyingine ya busara ila kuondoka.

Tuchukue mfano wa vijana wawili katika nyumba moja ya wageni. Wote wawili hutukanwa na msimamizi, wote wawili wamenyimwa siku ya kupumzika wiki sita. Wa kwanza siku moja hutupa ufunguo juu ya meza, akapanda basi la usiku kwenda kwao. Baada ya miezi miwili huja kuuliza haki yake. Wa pili alimwandikia mwenye nyumba barua, akangoja juma moja, hakujibiwa, akaandika tena, akampa nakala mjumbe wa chama cha wafanyakazi, msimamizi alipopata habari akamwongezea matusi na kumwondoa chumbani alikolala. Ndipo akajiuzulu kwa barua yenye kueleza sababu, na katika siku ya 12 akafika mbele ya Tume. Matusi waliyotukanwa yalikuwa yale yale. Lakini wa pili ana barua tatu zenye tarehe, na wa kwanza ana maneno yake tu, tena amechelewa.

Nami kwa kuwa ni karani, watu huniletea barua zao za malalamiko nizisome kabla ya kupelekwa. Nyingi zina kurasa nne za uchungu na hazina tarehe hata moja. Uchungu una haki yake, lakini mwamuzi hawezi kuandika uamuzi kwa uchungu. Ataka kujua siku, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, na ni nani aliyekuwapo. Barua fupi ya namna hii yatosha:

"Kwa Bwana Meneja. Mimi ni mfanyakazi wa mizani katika kiwanda cha kukaushia majani ya chai. Tarehe 3 Machi, saa 2 asubuhi, msimamizi wa zamu aliniita mwizi na kunisukuma kifuani, mbele ya wenzangu wawili wa mizani ambao majina yao nimeyaandika chini. Tarehe 9 Machi alifanya hivyo tena mahali pale pale. Nalimwomba mwenyewe asirudie, lakini hakuacha. Naomba jambo hili lichunguzwe na nijibiwe kwa maandishi. Nakala kwa tawi la chama cha wafanyakazi."

Aipeleke kwa mkono, na nakala yake itiwe sahihi na tarehe na aliyeipokea. Wakikataa kutia sahihi, basi aende na shahidi, au aitume kwa njia ambayo huacha alama ya kupokewa. Ujumbe wa simu wenye matusi usifutwe, hata ukiwa wa aibu. Asiyejua kuandika na amtafute mtu mwaminifu wa kumwandikia, kisha asomewe tena yote kabla ya kuweka dole gumba.

Huenda msomaji akauliza, "Je, nikilalamika wakinifukuza kwa sababu hiyo?" Sheria imelitazamia jambo hilo. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria au mkataba hakuhesabiwi kamwe kuwa ni sababu ya haki. Wala kwa sababu amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hawezi kumwamuru kwa halali. Wala kwa sababu ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Wala kwa sababu ya mimba. Siwezi kusema kwamba matajiri wote huogopa kifungu hicho. Lakini aliyefukuzwa siku tatu baada ya barua yake kupokewa ana hoja nzuri kuliko aliyenyamaza.

Mahali pa kupeleka shauri ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria ya taasisi za kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, nayo ina ofisi mikoani. Hapana ada ya kulipa. Mlalamikaji hujaza fomu ya kwanza ya Tume, na nakala yake ni lazima ampe mwajiri, kisha aonyeshe kwa Tume kwamba amempa. Watu husahau nakala hiyo, wakarudishwa. Kwanza huwekwa msuluhishi, ambaye kazi yake ni kuwapatanisha katika muda wa siku 30, na mashauri mengine huishia hapo, maana tajiri akiona karatasi hupenda kulipa kuliko kusimama mbele ya watu. Wasipopatana, shauri huenda kwa mwamuzi, naye husikiliza mashahidi na kukata neno. Mtu aweza kujisemea mwenyewe, au kusemewa na mjumbe wa chama chake, na wakili, au na mtu aliyemchagua. Asiyeridhika na uamuzi huo hupeleka maombi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, katika muda wa wiki 6. Siku ya kuitwa ni lazima ifikwe: mlalamikaji asipotokea, shauri lake laweza kufutwa, mlalamikiwa asipotokea, laweza kuamuliwa bila yeye.

Ikionekana kwamba mtu aliachishwa pasipo haki, mwamuzi aweza kuamuru arudishwe kazini, au aajiriwe upya, au alipwe fidia. Ilipotungwa mwaka 2004, sheria ilitaja fidia isiyopungua ujira wa miezi 12. Lakini fidia ni katika mambo yaguswayo na marekebisho, basi aulize Tume kiasi kilichopo siku ya shauri lake.

Si watu wote wanaoguswa na sheria hii. Askari wa Jeshi la Wananchi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa wana taratibu zao. Na mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo huyo hawezi kutumia zile sehemu za kuachishwa pasipo haki. Bado hawezi kubaguliwa, wala kupigwa, wala kukatwa ujira isivyo halali. Ila ule mlango wa kujiuzulu kwa kulazimishwa hajafunguliwa. Vibarua wasikate tamaa upesi kwa kuambiwa kwamba wao "si waajiriwa." Sheria Na. 7 yasema, miongoni mwa mambo mengine, kwamba mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita hudhaniwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe sivyo. Anayepalilia shamba la mtu saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, amekwisha kupita hesabu hiyo mwezini kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Watumishi wa nyumbani nao wamo ndani ya sheria hii, ingawa ni wao waliosahauliwa zaidi. Msichana aliyetoka kijijini kwenda mjini kulea mtoto wa watu hana mwenzake wa kazi wa kuwa shahidi, hulala katika nyumba ya mwajiri, na mara nyingi ujira wake "hutunzwa" na mama wa nyumba mpaka siku ya kuondoka, ambayo hugeuka kuwa siku ya ugomvi. Wazazi wampelekao binti yao wafanye mambo matatu kabla hajapanda gari: wajue nyumba ni ya nani na iko mtaa gani, ujira uandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi na pande zote mbili, na binti awe na njia ya kuzungumza na kwao bila kusikilizwa. Mtoto wa chini ya miaka 14 asiajiriwe kabisa. Chama cha CHODAWU ni miongoni mwa vyama vinavyochukua watumishi wa nyumbani, na mjumbe wake aweza kusimama nao mbele ya Tume.

Mambo haya ya nyumbani ndiyo yaliyofikiriwa pia huko Geneva mwaka 2019, Shirika la Kazi Duniani lilipotunga Mkataba Na. 190 juu ya jeuri na bughudha katika ulimwengu wa kazi, ulioanza kuwa na nguvu Juni 2021. Mkataba huo hautazami kiwanda peke yake. Wataja mahali pa kulia chakula, choo na mahali pa kuogea, safari za kazi, nyumba waliyopewa wafanyakazi na mwajiri, njia ya kwenda na kurudi kazini, na maneno yapitayo kwa simu na mitambo. Tena wasema jeuri yaweza kuwa tendo la mara moja au la kurudiwa. Haufungwi na kabila wala dini, na kwa hiyo umeziba lile pengo nililolitaja. Katika jirani zetu, Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2023. Kenya, kwa sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, humtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe maandishi ya kueleza jinsi bughudha ya kimwili inavyokatazwa kwake na jinsi ya kuleta malalamiko. Wasomaji wa Unguja na Pemba wana sheria yao wenyewe ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, basi wasifuate fomu wala siku tunazozitaja hapa.

Limebaki neno la siku. Shauri la kuachishwa kazi, pamoja na lile la kujiuzulu kwa kulazimishwa, hupelekwa kwa Tume katika siku 30. Mashauri mengine, kama ya ujira uliozuiliwa, katika siku 60 tangu jambo lilipotokea. Siku hizo huhesabiwa zote, Jumapili na sikukuu zimo. Aliyechelewa hujaza fomu ya pili, ya kuomba apokewe nje ya muda, na humo hueleza kwa nini alichelewa, na kila siku aliyochelewa aitolee habari. Kulazwa hospitali, kwa cheti, huweza kukubaliwa. Kusema "nalikuwa sijui sheria" mahakama zetu hazikuhesabu kuwa ni sababu ya kutosha.